Wa Kwanza Ni Wangu

Mkebe wa biskuti wa nyumbani kwetu haukuwahi kuwa na biskuti. Picha yake ilikuwepo juu ya kifuniko, biskuti zimepangwa duara na chembe za sukari zinameta, lakini aliyeufungua alikuta pamba, chupa ya spiriti, mabomba mawili ya sindano yakiwa bado kwenye karatasi zake, na vichupa viwili vya adrenalini vimeviringishwa kwenye leso safi. Nimeona watoto watatu wakilia baada ya kuufungua mkebe ule, na mtu mzima mmoja akikaribia kulia. Huyo mtu mzima alikuwa mjomba wangu, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba nyumba yenye mkebe wa namna ile ni nyumba ya waongo.

Mama yangu alikuwa nesi. Alikaa chumba cha sindano cha zahanati yetu miaka thelathini na mmoja, na watu wakamwita Sista Sindano, kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye mbele ya uso wake, mwisho hata kwenye kadi waliyomwandikia alipostaafu. Mwenyewe alisema, bila aibu yoyote, kwamba mtaa mzima aliujua kwa makalio kabla hajaujua kwa sura. Tukipita sokoni alikuwa akininong'oneza: yule alipiga kelele, yule alimng'ata mama yake, yule mwenye kitambi alikimbia na suruali mkononi mpaka getini.

Mimi, binti yake wa pekee, nilitegemewa kurithi bomba. Nilidumu chuo cha uuguzi wiki saba. Chungwa nililidunga vizuri sana, mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Nilipopewa mkono wa mwenzangu nikaanguka chini kabla sindano haijafika kwenye ngozi, na nilipozinduka nilikuta mwenzangu ndiye ananipepea. Nikaishia kuuza madaftari na kalamu dukani. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi," kisha akaendelea kukunja nguo, na ile basi yake niliibeba kifuani miaka mingi.

Nyuki walikuja baada ya kustaafu. Mjomba, mdogo wake mama, anafuga nyuki nje ya mji, na alimletea mzinga mmoja akauweka mwisho wa ua, eti dada yake asikae bure bila kitu cha kuchoma watu. Mama wakati huo magoti yalikuwa yamemshinda. Baridi yabisi ilimkamata vibaya, ngazi mbili za kibarazani alizipanda kwa kushika ukuta. Siku moja akiwa anaanika shuka, nyuki akamchoma pembeni ya goti la kulia. Goti likavimba, akachechemea siku tatu huku akimtukana mjomba kwa utaratibu. Siku ya nne nilisikia hodi kwangu, ghorofa ya pili, nikafungua nikamkuta amesimama mlangoni, anahema, uso umechanua.

"Mama! Umepandaje?"

"Kwa miguu. Kwani kwako kuna njia nyingine?"

Nikamwuliza kama amepona. Akanikazia macho yale ya chumba cha sindano. "Sisemi nimepona. Nasema nimepanda ngazi."

Hivyo ndivyo alivyozungumzia nyuki wake miaka yote tisa. Alikwenda kumwona daktari aliyewahi kufanya naye kazi, akamwuliza kuhusu sumu ya nyuki. Daktari akamwambia mambo mawili: kwamba hakuna aliyethibitisha vya kutosha kuwa inatibu chochote, na kwamba kuna watu ambao nyuki mmoja anatosha kuwaua. Mama akarudi nyumbani. La kwanza alilijibu kwa kupanda ngazi zangu mara ya pili. La pili alilijibu kwa mkebe wa biskuti, na kila mwaka alimfuata daktari yule yule ampatie vichupa vipya, hata kama vya zamani havijaguswa.

Habari za magoti yake zilienea, na watu wakaanza kuja Jumamosi kuchomwa na wao, kuanzia saa nne asubuhi. Chumba chake kilikuwa kile kidogo cha nyuma, chenye dirisha la kufungulia uani, kitanda kimoja, meza yenye kitambaa cheupe, chupa ya jamu iliyofunikwa kwa kipande cha shashi, na ndani yake nyuki kumi au kumi na wawili wakizunguka. Alimtoa mmoja kwa kibano kile kile alichokuwa akikitumia kutoa vibanzi vya watu. Mgeni hakupewa zaidi ya nyuki mmoja. Aliyewahi kuvimba uso au kukosa pumzi alirudishwa getini hata angelia. Na kila mtu aliambiwa maneno haya: "Dawa za hospitali unaendelea nazo. Ukiziacha, mimi na wewe hatujuani."

Lakini kitu kilichomfanya awe yeye ni hiki. Kabla ya kumgusa mgeni, alikunja mkono wa gauni lake, au alipandisha pindo, kufuatana na mahali mgonjwa anapoumwa, akamweka nyuki pale pale. Goti kwa goti, kiwiko kwa kiwiko. Alisema, "Wa kwanza ni wangu." Nyuki akichoma, mama alivuta hewa kwa meno, sss, akautoa mwiba kwa kucha, akamweka marehemu kwenye kisahani, ndipo akamgeukia mgeni. Sijawahi kuona mtu akikataa kunyoosha mkono baada ya hapo. Niliwahi kumwambia anapenda maonyesho, akasema kule zahanati alidunga watu miaka thelathini na mmoja bila kuonja, sasa anaonja.

Ukishachomwa hukuruhusiwa kuondoka. Ulikaa nusu saa kwenye benchi la uani, saa ya ukutani ikitazamana nawe kupitia mlango wa jikoni, na mama alitoka kila baada ya dakika kumi na maswali yake matatu.

"Unawashwa?"

"Hapana, Sista."

"Ulimi mzito?"

"Hapana."

"Pumzi?"

"Ipo."

"Haya, kaa. Hutoki hapa mpaka nusu saa ifike."

Watu walikuja kwa ajili ya viungo wakaishia kusimuliana ndoa zao. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi kumsaidia mama kuosha vikombe vya chai, nikifungua dirisha la jikoni ili nisikose neno. Mwenye benchi hasa alikuwa fundi viatu wa karibu na stendi, mgane, mtu mrefu mkavu aliyekaa na viatu vya watu mapajani maisha yake yote mpaka magoti yakagoma. Alikuja tangu mwaka wa kwanza. Ukimwuliza kama nyuki wanamsaidia, alisema magoti yake hayajapona ila yameanza kuona haya. Mara nyingi nusu saa yake ilikwenda mpaka saa nzima, na mama aliongeza chai bila kuuliza.

Ni yeye aliyegundua. Ilikuwa mwaka wa tisa. Mama alikuwa ndani na mgeni, mimi jikoni, fundi kwenye benchi lake. Akasogea dirishani akanisemesha kwa sauti ya chini.

"Binti, nyuki akishachoma si hufa?"

"Hufa. Mwiba unabaki na utumbo wake."

"Basi huko ndani wanafufuka. Sista amesema wa kwanza ni wangu, nimesikia, halafu huyo wa kwanza katoka dirishani anaruka, mzima wa afya. Ni wa tatu huyo mwezi huu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Jumamosi iliyofuata alikuja fundi cherehani, mwanamke aliyeumwa kifundo cha mkono, na mimi nikajifanya nimeleta taulo. Mama akakunja mkono wa gauni. Akamtoa nyuki kwa kibano, akageukia dirisha kana kwamba anatafuta mwanga, akampa fundi cherehani mgongo. "Wa kwanza ni wangu," akasema. Nikaona kibano kikifunguka nje ya dirisha, nyuki akaenda zake. Kisha mama akavuta hewa, sss, kama kawaida.

Walipoondoka wote nilifunga mlango wa chumba kile.

"Mama, tangu lini?"

Alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Alikikunja mara nne, kikawa kidogo kuliko kilivyohitaji kuwa. "Tangu miezi miwili. Viganja viliwasha, midomo ikafa ganzi. Nikajiuliza maswali yangu matatu, nikajijibu." Kumbe alichomwa katikati ya wiki, akiwa peke yake. Alimeza vidonge vya mzio, akakaa kwenye benchi akitazama saa, na mkebe ameupakata. Mwili uliopokea nyuki miaka tisa ulikuwa umewakataa ghafla. Alijua vizuri kuliko mimi maana yake: anayefuata anaweza kumwua.

"Na bado unawashika!"

"Nikiwaambia sijichomi, nani atanyoosha mkono?"

"Asinyooshe! Mama, utakufa kwa ajili ya magoti ya watu?"

Akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Kinachoniuma si hicho. Nimewadanganya. Miaka yote sikuwahi kumdanganya mgonjwa, hata mtoto. Nilikuwa namwambia itauma." Macho yalikuwa yamemjaa. Nilikuwa na hasira mno, sikumshika hata bega, na hilo najuta.

Tulikubaliana, kama kununiana wiki nzima kunaitwa kukubaliana. Jumamosi inayofuata ndiyo ingekuwa ya mwisho. Mjomba angekuja mchana kuuchukua mzinga. Mama angewaambia watu ukweli kwa kinywa chake. Lakini aliapa kwamba fundi viatu na fundi cherehani hawataondoka mikono mitupu, atawapa wale wa mwisho, na kwamba atakwenda mzingani mwenyewe, amevaa shela na glavu za mjomba. Nilimwambia mjomba ndiye achukue nyuki. Akasema mjomba akiwahi mahali itakuwa mazishi yake mwenyewe.

Asubuhi ile nilipita sokoni. Moyo ulikuwa umeanza kunilainika, nikataka kumpelekea mama kitu anachokipenda, nikanunua ndizi mbivu, zile zenye madoadoa, zinazonukia kabla hujafika. Naomba nieleweke: nilikuwa naijua sheria. Mjomba alituimbia tangu siku ya kwanza kwamba nyuki anapochoma hutoa harufu ya kuita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Miaka tisa ndizi hazikuingia nyumba ile siku ya Jumamosi. Lakini wiki ile kichwa changu kilikuwa kimejaa kifo cha mama yangu, hakikuwa na nafasi ya ndizi.

Nilimkuta ameshafika mzingani. Fundi viatu yuko kwenye benchi, kawahi kama kawaida yake. Nikaenda kusimama nyuma ya mama, mfuko begani, niwe karibu tu. Alifungua kifuniko. Sauti ya ndani ya mzinga ikabadilika, ikapanda. Mama akatulia, akanusa hewa kupitia shela.

"Una ndizi wewe?"

Hakuuliza kwa ukali. Nadhani aliuliza kama mtu anayesoma kipimo cha mgonjwa. Niliuangusha mfuko, nikarudi nyuma, na wakati huo huo yeye akashika mkono wake wa kushoto juu kidogo ya glavu. Alirudisha kifuniko taratibu. Akatembea mpaka jikoni, akakaa kwenye kiti, akavua shela.

"Mkebe," akasema.

Niliuleta. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kunenepa, shingo ina mabaka mekundu. Alijaribu kuivunja shingo ya kichupa, vidole vikamkatalia. Akanisogezea.

"Mama, mimi siwezi."

"Unawashwa?" Alikuwa ananiuliza mimi, na sikuelewa. "Ulimi mzito? Pumzi unayo? Basi unaweza. Mimi yangu inakwenda."

Nikavunja kichupa. Nikavuta dawa, nikasukuma hewa nje kama nilivyofundishwa kwenye wiki zile saba. Fundi viatu alikuwa mlangoni, mama akamwonyesha barabara kwa mkono, akaelewa: gari. Alikimbia. Mbio zile sijui alizitoa kwenye goti gani. Mama akapiga paja lake la kulia kwa kidole, upande wa nje, katikati.

"Hapa. Juu ya gauni. Usinitazame usoni. Tazama paja." Sauti ilikuwa inatoka kwa shida. Nikasimama na bomba hewani na nikahisi sakafu inaanza kunikimbia, kama siku ile ya chuo. Aliona. Akanishika mkono, na uso wake ulivyokuwa umevimba sikujua kwamba anatabasamu mpaka aliposema.

"Ya kwanza ni yangu."

Nikadunga.

Hakuvuta hewa kwa meno. Hakuwa na hewa ya kuchezea. Nilihesabu kimoyomoyo, nikachomoa, nikakandamiza pamba, na nilikuwa nalia kwa sauti kama wale watoto wa zahanati. Baada ya dakika chache kifua chake kikaanza kufunguka, nikasikia pumzi inaingia bila mluzi. Gari likaja. Kichupa cha pili tulikwenda nacho, nikampa nesi wa mapokezi, na mama, amelala kwenye machela na barakoa ya hewa usoni, alinyoosha kidole kumwonyesha yule nesi jinsi nilivyoandika saa ya sindano kwenye kiganja changu. Sikumbuki kuiandika. Nilikuwa nimeiandika.

Walimlaza mpaka kesho yake. Yule daktari rafiki yake alikuja kumsema vikali, mama akasikiliza macho chini, kisha akamwuliza kama ameona mahali palipodungwa. Daktari akasema ameona. "Ni huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Pamekaa vizuri, eh?" Sijawahi kupewa cheti kingine nilichokipenda kiasi hicho.

Mjomba aliuchukua mzinga. Mama aliwaita watu wake, akawaambia yote, kwamba alichomwa nusura afe, na kwamba miezi miwili alikuwa anawafungulia nyuki dirishani. Fundi cherehani alikasirika, na alikuwa na haki. Hakurudi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia mama kupanga kile chumba, na saa nne kamili nikasikia geti. Fundi viatu akaingia, akakaa kwenye benchi, akatazama saa ya jikoni.

Mama akatoka. "Fundi, sina nyuki."

"Najua."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kusubiri nusu saa yangu."

Mama akamtazama kidogo. Halafu akaingia ndani kuchemsha maji. Baada ya dakika kumi akatoka na kikombe na maswali matatu, na fundi akayajibu yote, kwa adabu zake zote, hapana, hapana, ipo. Wakaendelea hivyo kila Jumamosi, miaka saba. Niliwahi kumwuliza mama kuna nini kati yao. Akasema kuna chai.

Mama aliondoka mwaka jana, usingizini, moyo tu ulichoka. Siku tuliyomzika, watu walipotawanyika nilibaki jikoni naosha vikombe, dirisha wazi, na nilipoinua macho fundi viatu alikuwa kwenye benchi. Amezeeka sana sasa. Mikono ameiweka juu ya magoti, anaitazama saa. Hakuniita. Nikafuta mikono, nikaitazama saa na mimi, nikangoja dakika kumi zitimie, nikamtolea chai.

"Unawashwa?" nikamwuliza.

Aliinua uso. "Hapana, Sista."

"Ulimi mzito?"

"Hapana."

"Pumzi?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama mwisho wa ua, pale mzinga ulipokuwa.

"Leo imekaba," akasema.

Nikakaa pembeni yake. "Haya, kaa," nikamwambia. "Hutoki hapa mpaka iachie."